Barua ya Wazi kwa Kaunti ya Mombasa na Wajenzi Wake: Udongo Kwanza, Miche Baadaye

Kwa Waheshimiwa wa Serikali ya Kaunti ya Mombasa wenye dhamana ya ardhi, mipango ya mji na mazingira; na kwa wachoraji ramani, wahandisi, makontrakta na wenye nyumba wa Mvita, Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali na Likoni.

Kiwanja cha nyumba ni ile sehemu ya ploti isiyoezekwa: uwani, mbele ya mlango, kando ya ukuta na njia ya kuingilia. Katika ramani nyingi za nyumba mpya za Mombasa sehemu hiyo haina jina. Mchoraji huonyesha vyumba, ngazi, karo na mahali pa kuegesha gari. Kinachobaki huachwa cheupe kwenye karatasi, na nyumba ikishakwisha fundi hukimalizia kwa saruji au kabro. Katika nyumba kuukuu mambo huenda kinyume. Kiwanja kipo tayari, kina mwembe, mkungu au mkilifi uliopandwa na babu, na kazi yote inayofanywa juu yake ni kukipunguza: leo chumba cha kupangisha, kesho duka, keshokutwa shoka.

Barua hii inasema kwamba hali hizo mbili zinataka kanuni mbili. Kiwanja kipya hutengenezewa udongo kabla ya kuletewa miche, na kiwanja kikuukuu hulindiwa miti yake kabla ya kuongezewa chochote. Kaunti ina mamlaka ya kuamuru yote mawili. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inaiwezesha kutoa kibali cha ujenzi kwa masharti, na Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya.

Ushahidi kwamba jambo hili linawezekana uko Kibarani. Kila aingiaye kisiwani kwa barabara ya Nairobi hupita hapo, na kwa miaka mingi alikaribishwa na jaa: taka, moshi, kunguru na harufu, kando kabisa ya mkono wa bahari wa Makupa. Watu waliishi kwa kuchambua taka hizo, na kufungwa kwa jaa kuliwagusa moja kwa moja. Hilo lisisahauliwe na yeyote anayeisifu Kibarani. Mwaka 2018 kaunti ililifunga, taka zikaelekezwa Mwakirunge, mlima wa taka ukafunikwa kwa udongo, kisha zikapandwa nyasi na miti. Mpangilio wa kazi hiyo ndio funzo lenyewe. Hakuna aliyechomeka mche kwenye taka akaupigia picha, udongo ulitangulia. Jaa la mji likiweza kuvikwa majani kwa uamuzi mmoja, kiwanja cha nyumba ya vyumba vitatu hakina udhuru.

1. Udongo wa nyumba mpya huuawa kabla ya nyumba kwisha.

Kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani unaokizunguka vimekaa juu ya jiwe la matumbawe. Udongo ulio juu ya jiwe hilo ni mwembamba, mahali pengine ni shubiri moja au mbili tu, na una chokaa nyingi. Upande wa bara, kuelekea Changamwe, udongo ni mzito wa mfinyanzi, hututumka kwa mvua na kupasuka wakati wa jua. Aina zote mbili huzaa zikitunzwa, lakini rutuba yake imo katika tabaka la juu, lile jeusi lenye mizizi, majani yaliyooza na wadudu. Tabaka hilo ndilo la kwanza kukokotwa na trekta siku ya kuchimba msingi. Huchanganywa na mawe ya chini, huuzwa, au hutupwa bondeni. Halafu kwa mwaka mzima kiwanja hukanyagwa na malori, huchanganyiwa zege, humwagiwa maji ya chokaa na rangi. Siku ya kukabidhi funguo kifusi husawazishwa, mchanga mwekundu humwagwa juu kiasi cha kuficha vipande vya matofali, na vipande vya ukoka hutandazwa. Kwa mwezi mmoja au miwili panapendeza. Msimu wa kaskazi ukiingia, ukoka hukauka kwa madoadoa, na mlimau hugeuka manjano kwenye jani huku mishipa yake ikibaki kijani.

Umanjano huo wenye nyumba wengi huudhania kiu, wakazidisha maji. Sababu yake ni chokaa. Saruji na vumbi la matumbawe huufanya udongo ushikilie madini ya chuma, mizizi isiyapate, na hakuna mpira wa maji utakaoponya hilo. Dawa ni samadi iliyoiva, mboji na matandazo mwaka baada ya mwaka, na dawa kubwa zaidi ni kutokifukia kifusi pale tangu mwanzo.

Njia ya kuzuia hasara hii ni nyepesi mno kiasi kwamba kutofanywa kwake kunaudhi. Kabla ya msingi kuchimbwa, sentimita 15 au 20 za juu zikwanguliwe, zirundikwe pembeni mwa ploti na kufunikwa kwa makuti au turubai. Kifusi kiondolewe chote. Ardhi iliyoshindiliwa na malori ivunjwe kwa sururu kabla udongo haujarudishwa. Kila shimo la mti liwe na upana na kina cha sentimita 60, lijazwe maji jioni na kuangaliwa asubuhi: maji yakiwa bado yamesimama, mche utaoza hapo, na kazi inayotakiwa ni kuvunja chini zaidi au kupanda juu ya tuta.

Pwani hii ina mfano mkubwa kuliko kiwanja chochote. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali ambapo udongo wote ulikuwa umekwisha na kubaki jiwe tupu, maji ya chumvi yakiwa karibu chini yake. Zilijaribiwa aina 26 za miti. Zilizoshika zilikuwa chache, mvinje ukitangulia. Sindano za mvinje zilianguka zikalala bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo wa kuzila na kuzigeuza mboji. Udongo ulitengenezwa, milimita kwa milimita, na leo pale ni msitu unaotembelewa na watu kutoka kila pembe. Walioanza na jiwe walilazimika kungoja majongoo. Mwenye ploti mpya huanza na udongo kamili mikononi, akaulipia lori liuondoe.

2. Maji hufukuzwa kiwanjani, kisha hununuliwa.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 50, ambayo mwezi wa Mei si kitu cha ajabu Mombasa, ikinyesha juu ya kiwanja cha mita 100 za mraba huleta lita 5,000. Kiwanja cha udongo uliovunjwa na kutandazwa majani hunywa sehemu kubwa. Kiwanja kilichosakafiwa chote huzimwaga barabarani kwa saa moja, na jirani wa bondeni ndiye anayetoa maji chumbani kwa ndoo. Mitaro ya mji hulaumiwa, na mara nyingi kwa haki, lakini hakuna mtaro uliochimbwa kwa ajili ya mtaa mzima uliogeuzwa sakafu.

Mji huohuo hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita 120 za mraba hupokea kama lita 120,000 kabla ya kutoa zinazopotea. Nyumba iliyo chini ya paa hilo hutegemea maji ya bomba, ambayo sehemu yake husafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima, na bomba likikauka hungoja mkokoteni wa madumu. Wazee wa pwani walijua birika. Misikiti yao na nyumba zao zilikuwa nayo, na ujuzi huo haujapotea. Kilichopotea ni mazoea ya kuuweka kwenye ramani. Kiwanja kilichopangwa vizuri hupokea maji ya paa kwenye tangi au birika, yanayofurika hupelekwa kwenye shimo la mawe lililo karibu na miti, na kabro huwekwa pale tu gari linapokanyaga, juu ya mchanga na bila kuzibwa kwa saruji katikati ya mawe.

3. Miti ya viwanja vikuukuu hufa kwa ujinga zaidi kuliko kwa shoka.

Shoka linaonekana, na watu hulikemea. Kifo cha pili hakionekani. Mizizi inayolisha mti mkubwa haiko kina kirefu. Mingi imo katika sentimita 60 za juu, nayo huenea kupita kivuli cha matawi. Mwenye nyumba akiinua kiwanja kwa kifusi nusu mita, akajenga kiduara cha matofali kuzunguka shina na kusakafia hadi hapo, huamini kwamba ameuhifadhi mti. Ameuziba pumzi. Mwembe hautakufa mwaka ule. Utakufa baada ya miaka mitatu au minne, tawi baada ya tawi, na itasemwa kwamba ulizeeka.

Vivyo hivyo na upogoaji. Mti hukatwa kichwa ili usiguse nyaya, ukaachwa kama nguzo. Machipukizi yanayotoka hapo yameshikilia gome tu, hayakushika moyo wa mti, na upepo wa kusi ukivuma ndiyo yanayovunjika na kuangukia mabati. Kisha mti huitwa hatari na kung'olewa. Kupogoa kwenyewe ni kuondoa tawi zima pale linapoungana na shina, bila kuacha kisiki na bila kuchuna gome, na kupunguza uzito kidogo kidogo kwa miaka kadhaa.

Jambo hili ni la haraka kwa sababu kaunti yenyewe imo katika kujenga upya mitaa yake ya zamani. Buxton imetangulia: nyumba za chini zenye nafasi baina yake zimepisha maghorofa. Tudor, Mzizima, Khadija, Changamwe na Likoni imo katika mpango huohuo. Haja ya makazi ni ya kweli na hakuna mwenye akili anayeipinga. Mji hauwezi kuendelea kulaza watu katika nyumba zinazobomoka. Lakini mitaa hiyo ilipandwa miti na vizazi viwili au vitatu vya wapangaji, na mti wa miaka 50 ndicho kitu pekee katika ujenzi ambacho fedha haziwezi kukiharakisha. Ghorofa moja likisogezwa mita tano kwenye karatasi, mkwaju hubaki. Likishamwagwa zege, hakuna la kusogeza. Serikali Kuu iliyoweza kuilinda mibuyu ya Mama Ngina, ikaijengea bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2019, inajua thamani ya mti mkongwe. Kaunti inaombwa iuvushe ujuzi huo kutoka bustani ya wageni hadi uwani kwa wenyeji.

4. Mji wa Kale hauna viwanja vya kupanda, una viwanja vya kuhifadhi.

Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, zikasogeleana ili kila moja itie nyingine kivuli. Uwazi wake umo ndani: ua mdogo uliozungukwa na vyumba, unaotoa hewa ya moto juu na kuvuta ya baridi kutoka kichochoroni. Ua huo ukiezekwa mabati ili upatikane ukumbi mmoja zaidi, nyumba nzima huwa tanuri, na baadaye hununuliwa feni. Anayeomba kufunika ua wa ndani katika eneo la hifadhi anapaswa kukataliwa, hata akiwa na sababu nzuri.

Mimea ya nyumba hizi ni ya mitungi na ndoo: rihani, asumini, mshubiri, mdimu wa kwenye pipa. Ni bustani kamili, na kwa harufu inazidi nyasi yoyote ya Nyali. Ina sharti moja. Mbu wa dengi na chikungunya, magonjwa ambayo Mombasa imeyapata kwa milipuko zaidi ya mara moja, hutaga katika maji safi yaliyosimama, na sahani ya chungu cha maua inamtosha. Sahani zimwagwe na kusuguliwa kila wiki, au zijazwe mchanga.

Adui wa upande mwingine ni mti usiopandwa na mtu. Ndege na popo hudondosha mbegu za jamii ya mkuyu kwenye nyufa za kuta na mapaa, mche ukaota kwenye jiwe bila udongo, ukaonekana wa kupendeza. Kwa mti huu methali ya ufa na ukuta imekuwa maelezo ya fundi. Ukiwa na urefu wa kidole hung'olewa kwa mkono. Ukifika unene wa mkono, mizizi imeshaingia katikati ya ukuta, na kuutoa ni kuubomoa. Ukuta unapozibwa baada ya hapo uzibwe kwa chokaa, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani ya jiwe na kulila polepole.

5. Mwenye nyumba asiye mwenye ardhi hawezi kupanda.

Mombasa ina desturi ambayo wageni huikuta na kushangaa: nyumba ni ya mtu, ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine. Mtaa wa Majengo na mingine mingi ya nyumba za Kiswahili imeishi hivyo tangu zamani, kwa kodi ya ardhi ya mwezi. Pwani pia ina mazoea ya kale kwamba mti ni mali ya aliyeupanda hata kama ardhi si yake. Yakikutana hayo mawili, mwenye ardhi huuona mche wa mnazi kama dai la umiliki lililochomekwa uwani kwake, akaukataza. Matokeo ni mitaa mizima yenye wakazi wanaopenda miti na wasiothubutu kuipanda. Hotuba za upandaji miti haziwafikii watu hawa. Kinachoweza kuwafikia ni hati fupi, iliyotayarishwa na kaunti na kusainiwa na pande zote mbili, inayotamka kwamba mti wa kivuli au wa matunda uliopandwa kwa idhini haugeuzi umiliki wa ardhi na hautadaiwa fidia.

6. Miche huchaguliwa kwa mtindo.

Kwa sasa mtindo ni ashoki, zilizopangwa kama askari kando ya ukuta, na minazi ya mapambo iliyonunuliwa ikiwa mirefu tayari. Ashoki haina kosa. Hukaa mahali pembamba na mizizi yake haisumbui. Lakini haitoi kivuli cha kukalia mtu wala tunda la mtoto. Mkwaju, mkungu na mwembe ni miti ya viwanja vikubwa, mita nane au zaidi kutoka ukutani na mbali na karo. Kiwanja kidogo kinatoshwa na mkomamanga, mstafeli, mpera au mdimu. Upande unaopokea upepo wa bahari huanza na mvinje au mkadi, ambayo haiogopi chumvi, na mimea laini hukaa nyuma yake. Serikali Kuu ilitangaza mwaka 2022 lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikatoa siku nzima ya mapumziko kwa ajili ya kupanda. Kwa nyumba za Mombasa hesabu yenye maana ni ya miche iliyo hai baada ya kiangazi chake cha pili.

Kwa hayo yote, Serikali ya Kaunti inaombwa yafuatayo kabla ya masika yajayo. Kila ramani ya nyumba mpya iambatane na ramani ya kiwanja inayoonyesha miti iliyopo, njia ya maji ya mvua na sehemu itakayobaki udongo mtupu. Sehemu hiyo isipungue moja ya tano ya ploti, na asiyekuwa nayo asipewe cheti cha kuhamia. Udongo wa juu usiondoke kwenye ploti. Miti ya mitaa ya kaunti iliyo katika mpango wa ujenzi ihesabiwe na kutiwa alama kabla ya mkandarasi kuingia, na orodha ibandikwe mahali wakazi watakapoiona. Ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale ipewe mafundi wachache wenye ngazi na chokaa, kazi yao ikiwa kuzunguka na kung'oa miche ya ukutani mara mbili kwa mwaka. Hati ya miti ya mwenye nyumba na mwenye ardhi itayarishwe. Na Kibarani paanzishwe kitalu cha miche ya pwani pamoja na uwanja wa mboji unaopokea mabaki ya soko la Kongowea na la Marikiti, walioishi kwa kuchambua taka wakiwa wa kwanza kuajiriwa, kwa sababu hakuna wanaojua zaidi kutenganisha kinachooza na kisichooza.

Wachoraji na makontrakta wanaombwa wasingoje amri. Wenye nyumba kuukuu wanaombwa wafukue saruji iliyolizunguka shina la mti, angalau mita moja na nusu kila upande, wiki hii.

Baadhi ya maombi haya yatahitaji fedha na muda. Lile la udongo wa juu linahitaji mstari mmoja tu kwenye kibali cha ujenzi, na kalamu ya kuuandika iko mikononi mwa kaunti.